Kongwa la Mtani Wangu

Simu ilinikuta juu ya ngazi, Kahama, kwenye barabara ya kwenda Buzwagi, nikimalizia herufi ya mwisho ya jina la duka la vipuri. Siku hizi vijana wanachapa mabango kwa mashine, turubai zima linatoka limekauka kabla hujamaliza soda, lakini bado wapo wateja wachache wenye akili wanaotaka herufi ya mkono, na magoti yangu bado yanaikubali ngazi nisipoyaharakisha. Nikaiacha simu iite. Ikaita tena. Namba siijui. "Shikamoo baba," ikasema sauti ya mwanamke mtu mzima. "Nazungumza na Fundi Shomari, yule Mzaramo?" Nikamwambia marahaba, Mzaramo ndiye mimi, na kama ni bango la uchaguzi ajue bei imepanda. Hakucheka. "Naitwa Feza, binti wa Minza. Nipo Buseresere. Mama ametutoka jana asubuhi. Ameacha neno kwamba asizikwe mpaka mtani wake afike." Nikashuka ngazi polepole, nikakaa juu ya kopo la rangi. Zaidi ya miaka arobaini sikuwa nimelitamka jina hilo mbele ya mtu, na sikujua kabisa kwamba Minza alijua niko wapi. Kumbe alijua, na namba yangu alikuwa nayo, na hakuwahi kuipiga.

Mimi Mzaramo, Minza Msukuma. Kwa asiyejua maana yake, ajue kwamba makabila yetu ni watani tangu enzi za babu zetu. Mtani wako atakutukana hadharani na huruhusiwi kununa. Atachukua nyama kwenye sahani yako, na ukilalamika wewe ndiye mshamba. Mkikutana njiani anakuita mtumwa wangu, nawe unamjibu mtumwa ni wewe, nilikununua kwa chumvi ukanizidia kwa kula, watu wanacheka, mnaendelea na safari. Na siku ya msiba mtani ana kazi yake: anamsema marehemu mbele za watu, anamwigiza anavyotembea, anazuia jeneza njiani, mpaka wafiwa wacheke hata kama machozi yanawatoka. Ndiyo kazi niliyokuwa naitiwa Buseresere. Na mimi ndiye mtu pekee duniani ambaye sikustahili kuifanya, kwa sababu ya jambo nililolifanya Shinyanga mwaka wa vita.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka ishirini, nimepanga chumba cha uani kwa Mama Minza, mjane mmoja mpole aliyeishi na binti yake wa mwisho nyuma ya stesheni. Chumba changu na chao vilitenganishwa na ukuta wa tofali za udongo ambao haukufika kwenye bati, kwa hiyo kila neno lililosemwa kwao lilinifikia mimi, na kila nilipokoroma, Minza aligonga ukuta kwa ufagio. Hata leo nikisikia harufu ya michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, inayochemka na karanga za kupondwa, naliona lile dirisha lao dogo, kioo kilichovunjika kona kikiwa kimetundikwa kwenye msumari pembeni yake, na Minza amesimama mbele yake anasuka nywele zake nene huku ananisimanga. Alikuwa na doa la moto kwenye shavu la kushoto, alimwagikiwa uji akiwa mtoto. Sukari ilikuwa imeadimika, sabuni tulikata vipande kwa uzi. Tulikunywa chai ya chumvi na kula viazi vikavu, na bado tulicheka. "Mwangaluka, mtumwa wangu," ananiambia asubuhi. "Keshalala kwenye nyumba yetu, kala chakula chetu, na bado hatujamuuza!" Mama yake alikuwa akicheka na kila utani wetu isipokuwa huo. Neno mtumwa likitajwa, alikuwa anainuka kwenda kuangalia moto. Niliona hilo mara nyingi, na mara zote nilidhani ni moto kweli.

Minza alikuwa amechumbiwa. Mchumba wake Lukas alikuwa karani wa kiwanda cha kuchambua pamba, kijana mtulivu, mwenye baiskeli mpya, na Minza alimpenda, hilo sina shaka nalo. Alikuwa anaujua mlio wa kengele ya ile baiskeli kuanzia kona ya stesheni. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshaletwa na wako zizini kwa baba yake mkubwa, huko nje ya mji. Kilichobaki ni harusi, na harusi ilikuwa ingoje mavuno. Mshenga alikuwa Fundi Mashauri, ambaye ndiye bosi wangu. Alikuwa na duka la mihuri na mabango karibu na soko, chumba kimoja kirefu chenye harufu ya mafuta ya taa na wino. Kazi yangu ilikuwa kuchonga mihuri ya mpira ya ofisi na shule. Ukichonga muhuri unachonga kinyume, herufi ya kushoto inakwenda kulia, la sivyo karatasi itakuandikia upuuzi. Nilikuwa nimeizoea kazi hiyo kiasi kwamba niliweza kuandika jina langu kinyume bila kufikiri.

Halafu malori yakaanza kupita. Yalikuwa yanakuja kutoka reli ya kati kwenda magharibi, kuelekea Kagera, mchana kutwa, vijana wamejazana nyuma wanaimba. Mara ya kwanza watu walitoka madukani kuwapungia. Baada ya wiki kadhaa hakuna aliyetoka. Mabasi yakachukuliwa kubeba askari, sokoni yakabaki maboga na dagaa wachache, na wanawake wakaanza kunyamaza ghafla kila gari la serikali lilipopunguza mwendo. Watu walizoea kusema mambo kwa nusu sentensi. Fundi Mashauri, ambaye alikuwa msemaji hodari, alifunga redio yake kila mteja alipoingia, na mteja alipotoka aliifungua tena na kuisogezea sikio lake.

Siku hiyo aliingia bwana mmoja wa ofisini, suti ya mikono mifupi, viatu havina vumbi. Alitandika karatasi mezani. "Tunataka picha za ukutani," akasema. "Si maneno matupu, wananchi wamechoka maneno. Picha. Adui mchoreni mfanyabiashara wa watumwa, ana mjeledi, ana tumbo. Wananchi wetu aliowavamia wako ndani ya makongwa, wamefungwa shingo kwa shingo. Na taifa ni mwanamke mrefu mwenye shoka, anakata lile kongwa la mbele." Kongwa ni gogo lenye panda, ndilo walilokuwa wanavalishwa watu shingoni kwenye misafara ya zamani. Misafara hiyo ilipita nchi hii hii, ila kwetu siku zile ilikuwa hadithi ya kitabu cha darasa la sita. Fundi Mashauri akauliza, "Mzee, kuna haja ya kurudisha hayo ya utumwa?" Yule bwana akamtazama. "Kwani kuna mtu yatamuuma?" Fundi akasema hapana, hakuna. Kisha yule bwana akanigeukia mimi, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Kijana, hii ni kazi ya vita. Anayefanya mzaha na kazi ya vita anamsaidia adui. Tumeelewana?" Nikamwambia tumeelewana, na nilikuwa naamini hivyo.

Mbao laini hazikupatikana, wala karatasi za chuma. Fundi akaenda Mwadui, kwenye nyumba za mgodi, akarudi na vipande vya ile mipira ya zamani ya sakafuni, minene, rangi ya kahawia, iliyong'olewa kwenye nyumba fulani ya mabosi. Ukiipasha jua inakuwa laini kama jibini. Patasi tulitengeneza kwa vyuma vya mwavuli uliovunjika, unavinoa kwenye jiwe mpaka vinakata unywele. Wino unapakwa kwa rola, karatasi inawekwa juu, halafu unasugua mgongo wa karatasi kwa kijiko, taratibu, mpaka picha ishike. Adui alinitoka vizuri sana. Mwanamke wa shoka naye alinitoka. Nikabaki na mtumwa wa mbele, yule anayekatiwa kongwa, na yeye ndiye alitakiwa kutazama watu moja kwa moja. Nilimaliza siku mbili bila kupata sura yake. Ndipo nikakumbuka, na nakumbuka nilivyocheka peke yangu pale mezani. Nina mtumwa mimi! Ninaye nyumbani, ananigongea ukuta kwa ufagio.

Nilimchora Minza. Siwezi kuipamba habari hii. Nilimchora kwa utani, kama mtani mwingine angemkata mtani wake mkia wa shati sokoni, nikifikiria uso wake atakapojiona kwenye ukuta wa stesheni na jinsi atakavyonitukana. Nikamkondesha, maana mtumwa hawezi kunenepa. Nywele zake nikazinyoa zote, nikaacha paji la uso wazi. Hata doa la shavuni nikaliweka kwa mikwaruzo mitatu. Maandishi ya chini niliyachonga kinyume kama mihuri yangu, lakini uso niliuchonga kama nilivyouona, bila kuugeuza. Kwa hiyo picha ilipotoka kwenye karatasi, doa lilikuwa limehamia upande wa pili. Fundi Mashauri aliinua nakala ya kwanza dirishani, akaitazama muda mrefu. "Sura hii naijua," akasema. Nikamwambia ni utani tu, Fundi. "Utani," akasema, akaiweka chini. "Mzaha mzaha hutumbuka usaha, Shomari." Lakini picha zilikuwa zinangojewa, na mipira ilikuwa imekwisha. Zikatoka.

Nakala moja niliipeleka nyumbani nimeikunja chini ya kwapa. Minza akaifungua. Akaenda nayo dirishani, kwenye kile kioo kilichovunjika kona, akaishika karatasi kando ya uso wake, akatazama kioo, akatazama karatasi, akatazama kioo tena. Halafu akaangua kicheko mpaka akakaa chini. "Bhebhe! Umeninyoa nywele, mtumwa wewe! Harusi yangu nitaifunga na kipara?" Akaibandika ukutani kwa uji wa muhogo, juu ya kitanda. Nilijiona mshindi. Jioni mama yake alirudi kutoka shamba na mzigo wa kuni kichwani, akaingia, akaiona. Hakuuliza nani kaichora. Aliziteremsha kuni moja moja, kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa, akasema, "Itoeni." Minza akamwambia, "Mama, ni utani wa Shomari, mbona..." Mama akasema tena, "Itoeni kwenye ukuta wangu." Hatukula pamoja siku hiyo.

Siku tatu baadaye niliugua malaria, nikalala mchana nimejifunika gunia na blanketi, natetemeka. Wao walidhani nimekwenda kazini. Sauti ya mama ikaja juu ya ukuta, ya chini, inakatikakatika. Alikuwa anamwambia binti yake jambo ambalo yeye mwenyewe aliambiwa na mama yake mara moja tu. Kwamba bibi yake Minza, mzaa mama, hakuzaliwa nchi hii. Aliletwa na msafara kutoka magharibi, mbali, ng'ambo ya ziwa lile jingine, akiwa mtoto wa kimo cha mchi wa kinu. Aliugua njiani. Msafara haukutaka kumlisha mgonjwa, wakambadilisha na majembe kwa familia moja huku huku Usukumani. Alikulia kwenye ule mji, akachunga, akatwanga, akaolewa na mtu maskini asiyeuliza, na maisha yake yote watu wazima wakimtaja walisema yule wa majembe. "Aliitwa Feza," akasema Mama Minza. "Jina hilo alikuja nalo, ndicho kitu chake pekee. Sijawahi kumpa mtoto wangu. Wewe hukumwona bibi yako akiwa na nguvu zake. Mimi nilimwona. Walimnyoa kila alipougua kichwa. Ile picha, mwanangu, si wewe. Ile ni mama yangu." Nilijifunika blanketi mdomoni nisisikike nikipumua. Homa ile ilipona kwa vidonge vichache. Nilichokisikia siku ile hakijaniacha.

Picha zilikuwa zimeshabandikwa kila mahali: stesheni, ghala la pamba, ukuta wa soko, mlango wa posta. Mvua ikanyesha, hazikutoka. Nikipita barabarani nilimwona Minza amekondeana, shingo kwenye kongwa, ananitazama. Bibi yake Lukas, mama wa baba yake, aliletwa mjini siku ya gulio kununua shuka la harusi. Alikuwa kikongwe mwenye fimbo, macho bado makali. Wanasema alisimama mbele ya ule ukuta wa soko mpaka shuka lenyewe akalisahau. Akamuuliza mjukuu wake, "Huyu wa majembe wamemtoa wapi?" Lukas akacheka, akasema, "Bibi, huyo mbona kafanana na Minza wangu." Masikini Lukas, alisema hivyo kwa furaha. Bibi akamuuliza Minza wa nani. Akatajiwa mama yake. Akauliza mama yake ni binti wa nani; Lukas hakujua. Hapo hakuuliza tena.

Habari ikatufikia kabla ya jua kuzama: upande wa Lukas wanataka kikao, kesho kutwa, asubuhi. Wasukuma wa wakati ule walichunguza ukoo kabla ya ndoa, na Minza alikuwa amepita uchunguzi kwa sababu mama yake aliufumba mdomo wake miaka yote. Minza alinifuata uani nikifua shati. Hakuwa na utani usoni. "Umesikia," akasema, na hakuwa anauliza. Nikaitikia kwa kichwa. "Basi sikiliza. Yule bibi ni mzee, anaweza kuwa amechanganya. Wewe simama useme ulinichora mimi. Sema ni utani wa Mzaramo na Msukuma. Watacheka, watakutoza hata mbuzi, nitamlipa mimi, na yale maneno yake yatageuka utani mtupu. Utani hauna kesi. Ukisema hivyo tu naolewa." Nikamwambia nitasema. "Apa." Nikaapa. Akanishika mkono uliojaa povu, akanishukuru, "Wabeja, mtumwa wangu," na sauti ikamkatika kwenye hilo neno.

Ningesema. Naamini ningesema. Lakini siku iliyofuata yule bwana wa ofisini aliingia dukani, safari hii na mwenzake aliyesimama mlangoni bila kusema kitu. "Nasikia kuna maneno sokoni," akasema. "Eti mtumwa kwenye picha yetu ni msichana fulani wa stesheni. Eti mchonga picha kafanya masihara." Aliongea akiwa anachezea patasi yangu ya mwavuli, anajichomachoma kidole. "Kuna kijana mji mwingine alichora masharubu kwenye picha kama hii. Mama yake bado anamtafuta." Nikamwambia hapana mzee, sura ni ya kubuni tu. Akamgeukia Fundi Mashauri, naye akasema ni ya kubuni. "Vizuri," akasema yule bwana. "Kesho kwenye hicho kikao chenu kutakuwa na mtu wangu. Sitaki aniletee habari ya utani." Walipoondoka Fundi hakuifungua redio.

Walikaa uani kwa Mama Minza, wanaume kwenye viti vya kuazima, bibi yake Lukas kwenye mkeka, fimbo mapajani. Lukas aliinamisha kichwa. Minza na mama yake walikaa kwenye kizingiti, na Minza alikuwa amevaa kitenge chake kipya. Kando ya mlango wa uani alisimama mwanaume nisiyemjua, anakula karanga. Baba mdogo wa Lukas alizungumza kwa heshima sana. Alisema wao hawana ugomvi, ila bibi kaona uso, na uso una habari. Kisha akaniuliza mimi, "Kijana, wewe ndiye uliyechonga. Ulimchora nani?" Nilimwona Minza amenikazia macho, mdomo wake uko tayari kucheka, anangoja nianze utani ili auitikie. Nilimwona yule mtu wa karanga ameacha kutafuna. Nikasema, "Sikumchora mtu. Ni sura ya kubuni tu." Baba mdogo akasema, "Mbona watu wanasema ni huyu binti?" Nikasema, "Si yeye. Tazameni wenyewe. Minza ana doa shavu la kushoto. Wa kwenye picha doa lake liko kulia. Si yeye huyo, wallahi."

Wakaitazama picha, wakamtazama Minza. Kweli, doa lilikuwa upande mwingine. Fundi Mashauri, ambaye alikuwa mshenga na ambaye alijua vizuri kuliko mtu yeyote pale kwa nini doa limehama, alikohoa akatazama viatu vyake. Ndipo yule kikongwe akasema, polepole, bila ubaya wowote, "Mtoto kasema kweli. Si binti huyu. Nilisema tangu mwanzo. Huyo ni yule wa majembe, aliyekuwa anatutwangia mimi nikiwa mtoto. Feza. Huyu hapa ni mjukuu wake, mnaiona damu ilivyo na nguvu." Mama Minza alijifunika uso kwa kanga, na kule kujifunika kukawa ndilo jibu. Minza hakulia. Aliendelea kunitazama, na mdomo uliokuwa tayari kucheka ukajifunga kidogo kidogo. Tulipokuwa tunarudi dukani Fundi Mashauri aliniambia, "Leo tumemuuza, wewe na mimi." Hakuniambia lingine juu ya habari hiyo mpaka alipokufa.

Ng'ombe walirudishwa wiki ile ile, walipitishwa nyuma ya stesheni mchana, na watu walisimama milangoni kuwatazama. Lukas hakuja hata kurudisha leso aliyopewa na Minza. Siku mbili baadaye Minza alipanda lori la mahindi lililokuwa linakwenda Geita, ambako watu walikuwa wanachimba dhahabu porini na hakuna aliyemuuliza mwenzake ukoo. Sikumwona akiondoka. Niliporudi kazini nilikuta mpira niliochongea ile picha haupo. Fundi akasema Minza alipita, akauomba, akampa. Vita vikaisha, tukashinda, watu wakacheza ngoma barabarani, na mimi nilicheza pia, maana ungekaa vipi peke yako? Picha zikachanika na upepo vipande vipande. Baadaye nilisikia kwamba amekuwa mama lishe machimboni, halafu kwamba ana duara lake mwenyewe, shimo refu la dhahabu lenye wachimbaji wanaomwita bosi. Nilifurahi kwa woga. Mara ngapi nimepita Geita nikajiambia leo nitamtafuta, halafu nikaona heri nisubiri gari linalofuata? Nimejitetea miaka yote hii kwa habari ya yule mtu wa karanga. Utetezi huo ni wa kweli, na haujawahi kunisaidia hata siku moja.

Nilifika Buseresere kesho yake saa nne asubuhi. Nyumba kubwa, bati jekundu, uwanja umejaa wachimbaji, kina mama wa sokoni, kwaya ya kanisa. Feza alinipokea mlangoni, mama wa makamo, paji la uso lile lile. Nilipolisikia jina lake kwenye simu nilikuwa nimeelewa, lakini kumwona ni kitu kingine. Akanipeleka chumbani kwa mama yake. Ukutani kulikuwa na kioo, kizuri, kipya, na kando yake, kwenye fremu, ile picha, karatasi imekuwa ya rangi ya chai. Juu ya kitanda palikuwa na kitu kimefungwa kwa kanga. "Mama alisema nikwambie maneno haya, nisiongeze," akasema Feza. "Alisema: mtani wangu aliapa kwamba si mimi, kwa kuwa doa liko upande mwingine. Mwambie mimi nilijitambua siku ile ya kwanza. Nyie wengine mlinijua kwa upande wenu. Mimi uso wangu niliujua kwa kioo tu, na huyo wa kwenye karatasi ndiye niliyekuwa namkuta humo kila asubuhi. Na bibi yangu nilimkuta humo humo. Sikuwaonea haya tena." Nilishika ukingo wa kitanda. Nikamuuliza Feza kama mama yake alinisamehe. Akasema, "Hilo hakuniambia. Alisema tu uje ufanye kazi yako."

Jeneza lilipotoka uani nililitangulia mbio, magoti haya haya, nikajitupa chini katikati ya njia. Watu wakashtuka, kisha mmoja akapiga kelele, "Mtani huyo!" na kicheko kikaanza. Mchungaji alisimama, akatabasamu, aliijua mila. "Hapiti mtu!" nikasema. "Huyu ni mtumwa wangu! Kanikimbia miaka arobaini, leo nimemkamata, mnataka kumficha ardhini!" Wakacheka zaidi, kina mama wakapiga vigelegele. Nikainuka nikapiga magoti, na sauti yangu haikuwa ya utani tena ingawa maneno yalikuwa yale yale. "Mwaka wa vita nilimchora kwenye kongwa. Nilimchora yeye. Kwa utani, kwa ujinga wangu. Waliponiuliza nikasema si yeye. Nilisema uongo. Ni yeye! Mnanisikia? Alikuwa ni Minza, ni mimi niliyemchora, bibi yake hakuhusika, ulikuwa utani wangu!" Wachimbaji walikuwa wanajishika mbavu. Mzee mmoja alifuta machozi akasema Wazaramo hawa ni balaa. Nikalia mbele yao wote, na kila nilipozidi kulia walizidi kucheka, wakidhani nimebobea.

Mtani akizuia njia, wafiwa hutoa kitu cha kumkomboa marehemu wao, ndipo anapisha. Watu wakaanza kutafuta, huyu noti, yule kuku. Feza akawazuia kwa mkono. Yeye peke yake hakuwa amecheka. Alikuja mpaka nilipopiga magoti, akaifungua ile kanga ya chumbani, akaniwekea mikononi kile kipande cha mpira wa sakafu ya Mwadui. Kilikuwa kimekauka na kupasuka kona, wino bado mweusi kwenye mifereji. Minza alikuwa ananitazama humo, doa kwenye shavu la kushoto.

"Namkomboa mama," akasema Feza.

Nikainuka, nikakipakata kifuani, nikasogea pembeni. Wakapita naye.